Ushahidi wa Kifusi: Tafakari Kuhusu Migodi Iliyoachwa

Katika mgodi ulioachwa, kinachomvuta mgeni kwanza ni mdomo wa shimo, kwa kuwa hapo ndipo mwanga wa mchana unapokatika ghafla, hewa inapogeuka kuwa ya baridi na unyevu, na fikra inapoanza kulijaza giza kwa mambo ambayo macho hayayaoni. Mvuto huo unaeleweka, na ndio unaowatoa watu wa mjini siku ya mapumziko wakafunga safari ya saa kadhaa kwenda mashambani, wakiwa na chakula cha mchana na tochi, ili wasimame kando ya uwazi ambao wenyeji huupita kila siku bila kugeuza shingo. Hata hivyo shimo, kwa asili yake, ni mahali pa kitu kisichokuwapo tena: madini yameondolewa, mitambo imeuzwa kama chuma chakavu, watu wametawanyika, na maji yamepanda kuchukua nafasi yao. Vinavyoweza kueleza mgodi ulikuwa nini, ulimfaidi nani na ulimgharimu nani viko juu ya ardhi, katika vilima vya mawe yaliyotupwa, katika rangi ya kijito, katika safu za nyumba za wafanyakazi, katika reli isiyopitisha treni na katika mipaka ya mashamba. Tafakari hii inashikilia kwamba mgodi ulioachwa husomwa vizuri zaidi na anayebaki nje yake, na kwamba sababu za usalama zinazomkataza mgeni asiingie na sababu za maarifa zinazomtaka asiingie zinaelekea upande mmoja.

Inafaa kueleza kwanza istilahi chache. Mgodi wa chini ya ardhi huwa na mashimo ya wima, yanayotumika kushusha watu na kupandisha mawe, na njia za mlalo zinazofuata mshipa, yaani ule ufa wa kale katika mwamba ambamo maji ya moto yalipita na kuacha madini yakiganda pamoja na jiwe jeupe liitwalo kwatzi. Wachimbaji wadogo wa Tanzania huliita shimo lao duara, na magogo wanayoyapanga ili kuta zisiporomoke huyaita matimba. Jiwe lenye madini ya kutosha kulipia gharama za kulichimba, kulisaga na kulichenjua, yaani kuyatenganisha madini na mwamba, huitwa mbale. Jiwe lisilofikia kiwango hicho hutupwa kama kifusi, hata likiwa na madini ndani yake. Na ule mchanga laini unaobaki baada ya uchenjuaji huitwa marudio. Kwa hiyo kila mgodi huacha juu ya ardhi rundo la kile ambacho wenye mgodi waliamua, kwa hesabu za siku zao, kwamba hakikuwa na thamani.

Ufafanuzi huo una jambo zito ndani yake, kwa sababu unaonyesha kwamba mpaka kati ya mbale na kifusi huwekwa na soko, na kwamba jiwe lilelile linaweza kuwa mbale mwaka huu na kifusi mwaka ujao bila chembe moja ya dhahabu kuongezeka au kupungua. Historia ya dhahabu ya Afrika Mashariki inathibitisha hivyo. Mwaka 1931 Uingereza iliacha kuifunga thamani ya pauni kwenye dhahabu, na mwaka 1934 Marekani ikapandisha bei rasmi ya aunsi moja, ambayo ni takriban gramu 31, kutoka dola 20.67 hadi dola 35. Katika miaka hiyohiyo walowezi wa Kenya, waliokuwa wameumizwa na nzige na kuporomoka kwa bei za mazao, walimiminika Kakamega, na huko Tanganyika ikaanza kujengwa migodi ya kusini mwa Ziwa Victoria, ukiwemo wa Geita. Lakini bei ya dola 35 ilishikiliwa mpaka mwaka 1971, huku mishahara, mafuta, vyuma na baruti vikizidi kupanda baada ya Vita Kuu ya Pili, na migodi iliyokuwa na faida ikaanza kufungwa mmoja baada ya mwingine: Rosterman, karibu na mji wa Kakamega, mwaka 1952, kisha Geita na Kiabakari mwaka 1966. Bei ilipoachiwa huru ilipanda hadi kupita dola 800 mwezi Januari 1980, na mwaka 2000 Geita ikazinduliwa upya, safari hii kama mgodi mkubwa wa wazi, katika vilima vilevile vilivyokuwa vimehesabiwa kuwa vimekwisha faida. Anayesimama mbele ya jengo la mitambo lililoezuliwa na kudhani kwamba anatazama mwisho wa jambo, mara nyingi anatazama shughuli iliyositishwa tu, inayongoja bei.

Mahali ambapo juu ya ardhi panabeba historia yote ya chini ni Kilembe, katika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda. Wageni wengi hupita hapo wakielekea Rwenzori, kwa kuwa mojawapo ya njia za kupanda milima hiyo, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1994, huanzia juu kidogo ya makazi ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi. Shaba ya Kilembe ilichimbwa tangu mwaka 1956 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mgodi wenyewe ulikuwa sehemu moja tu ya mpango mpana: bwawa la Owen Falls, lililozinduliwa Jinja mwaka 1954, lilitoa umeme; reli kutoka Kampala ilifikishwa Kasese mwaka 1956; na shaba iliyochenjuliwa kiasi ilisafirishwa kwa reli hiyo kuvuka nchi hadi kwenye tanuru la kuyeyushia lililokuwa Jinja. Kuporomoka kwa bei ya shaba katikati ya miaka ya 1970, kukichanganyika na machafuko ya utawala wa wakati huo, kuliukata mnyororo huo vipande vipande, na leo mtu anayefika Kasese anaikuta reli isiyopitisha treni. Hakuna njia ya chini ya ardhi inayoweza kumfundisha jambo hili. Akiwa ndani angeona kuta za mwamba na maji, ilhali akiwa nje anaweza kuona kwamba bonde hili dogo la mlimani lilikuwa ncha moja ya mtambo wenye urefu wa karibu nchi nzima, na kwamba ncha moja ikishindwa mtambo mzima husimama.

Palipo na somo kubwa zaidi ni kwenye mabaki. Shaba ya Kilembe ilitoka ardhini pamoja na pairiti, yaani madini ya chuma na salfa yenye rangi ya manjano ing'aayo, na ndani ya pairiti hiyo mlikuwa na kobalti ambayo kwa teknolojia ya wakati ule haikuwa rahisi kuitoa, hivyo karibu tani milioni moja zikarundikwa Kasese zikisubiri siku zake. Pairiti ikikaa wazi penye hewa na mvua huoza kwa namna yake: oksijeni na maji huivunja, bakteria wasioonekana kwa macho huharakisha uvunjaji huo kwa kuwa huishi kwa nguvu inayotolewa nao, na matokeo yake ni asidi ya salfa, ambayo nayo huyeyusha metali nyingine na kuzichukua hadi kwenye mito. Huo ndio mchuruziko wa asidi, tatizo kuu la migodi ya zamani duniani kote, na alama yake ni ile rangi ya kutu inayotanda kwenye vijito na mawe. Kutoka kwenye rundo la Kasese asidi ilitiririka ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth kuelekea Ziwa George, ardhioevu iliyotambuliwa kimataifa tangu mwaka 1988, na njiani ikaacha ukanda wa ardhi tupu isiyoota majani.

Kisha likatokea jambo ambalo mtu mwenye kutafakari hawezi kulipita haraka. Mwaka 1999 kampuni moja ilianza kuchenjua rundo hilo kwa kuwatumia bakteria wa jamii ileile: pairiti ilitiwa katika matangi makubwa yenye maji, hewa na virutubisho, bakteria wakaivunja, kobalti ikayeyuka na kukusanywa, na kazi ikaendelea mpaka rundo lilipokwisha katika miaka ya 2010. Kilichoua majani ya hifadhi na kilichozalisha kobalti ya kuuza vilikuwa tukio moja la kikemia, na tofauti kati ya hasara na faida ilikuwa ni kuwapo au kutokuwapo kwa tangi. Inafuata kwamba uchafuzi wa mgodi wa zamani si ajali ya maumbile wala adhabu ya lazima ya kuchimba, bali ni gharama ambayo mtu fulani aliamua kutoilipa, ikabebwa na mto, na wanaoishi kandokando ya mto wakaipokea bila kuulizwa. Marudio mengine ya Kilembe yalilundikwa bondeni, kando ya mto Nyamwamba, na mto huo ulipofurika mwaka 2013 na tena mwaka 2020, ukabomoa nyumba na kuiharibu hospitali iliyojengwa enzi za mgodi, ulizikata pia kingo za marundo hayo na kuyachukua kwenda chini. Mgodi uliositisha kazi zaidi ya miaka 30 nyuma ulikuwa bado unaendelea kusafirisha mzigo wake.

Kakamega nayo inaongeza jambo ambalo halionekani hata kwa kupima maji, nalo ni sheria. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ya Kenya ilipitisha sheria ya amana ya ardhi za wenyeji, iliyoahidi kwamba ardhi za hifadhi za Waafrika zingekuwa zao daima, na kwamba ikiwa sehemu yoyote ingetwaliwa kwa manufaa ya umma, ardhi nyingine ya ukubwa uleule ingetolewa kuwa fidia. Mwaka uliofuata dhahabu ikaonekana Kakamega, ndani ya hifadhi iliyokuwa miongoni mwa zenye watu wengi zaidi nchini, na kufikia Desemba 1932 sheria hiyo ikarekebishwa ili ardhi ya kuchimba madini iweze kutwaliwa bila kutolewa ardhi mbadala. Marekebisho hayo yalizusha ubishi mkali katika Bunge la Uingereza na katika magazeti ya London, na wapinzani wake hawakuwa wapinga ukoloni pekee, kwa kuwa hata Lord Lugard, aliyekuwa mmoja wa wajenzi wakuu wa utawala wa Kiingereza barani Afrika, aliona kwamba ahadi iliyovunjwa katika miaka miwili ingeondoa imani ya wenyeji katika ahadi zote. Dhahabu iliyopatikana haikulingana na matumaini ya waliokimbilia huko, na katika miaka michache wengi wa walowezi hao walikuwa wamekwisha kuondoka, lakini somo la Kakamega lilibaki katika siasa ya ardhi ya Kenya, kwamba neno "daima" likiandikwa na asiye mwenye ardhi huweza kudumu mpaka siku thamani itakapoonekana chini yake. Anayezuru mitaa ya Rosterman leo na kuona mashimo yaliyofukiwa nusu hatauona ubishi huo popote ukutani, na kwa hiyo matembezi yasiyotanguliwa na kusoma humwacha na picha ya shimo na kumnyima habari ya sheria iliyolichimba.

Mara nyingine kile kilichoondolewa huweza kufuatiliwa mpaka kilipofikia, na Sekenke, katika wilaya ya Iramba mkoani Singida, ni mfano wa nadra wa ufuatiliaji huo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, utawala wa Wajerumani katika Afrika Mashariki ulikuwa umezingirwa baharini na kuishiwa sarafu, na mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kuwa kiwanda cha kupigia fedha, ambako dhahabu ya Sekenke ilitengenezwa kuwa sarafu za rupia 15 zipatazo elfu 16. Upande mmoja wa sarafu hiyo una tai wa Dola ya Ujerumani, na upande wa pili una tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Septemba mwaka huohuo Tabora ikatekwa na majeshi ya Kibelgiji, utawala uliozitoa ukatoweka, na sarafu zenyewe zikatawanyika duniani, ambako wakusanyaji huzinunua kwa bei iliyo mbali sana na uzito wa dhahabu yake. Sarafu hiyo ina mnyama na mlima, lakini haina alama yoyote ya Iramba wala ya mikono iliyopasua mawe, na aendaye Sekenke huona nusu nyingine ya habari, yaani ardhi iliyotobolewa. Ni mtu aliyeziweka nusu hizo mbili pamoja pekee anayeweza kusema kwamba ameuona mgodi.

Zipo pia sababu za mwili zinazomtaka mgeni abaki nje, nazo hazitokani na woga wa kishirikina. Matimba huoza, na gogo linaloonekana zima kwa nje huweza kuwa unga ndani. Maji yaliyotuama juu ya njia ya mlalo hufunika mashimo ya wima yaliyochimbwa kushuka ngazi ya chini, hivyo anayekanyaga dimbwi la kina cha kifundo cha mguu huweza kutumbukia mita nyingi. Hatari kuu, hata hivyo, haina sura wala harufu: pairiti inapovunjika ukutani kwa kemia ileile iliyoelezwa kuhusu Kasese, hula oksijeni ya hewa iliyofungiwa humo, na miti inayooza huongeza kabonidayoksaidi, gesi iliyo nzito kuliko hewa na hivyo hukusanyika katika sehemu za chini za mapito. Mtu huingia akiwa na nguvu zake, akalegea kabla hajajua sababu, na anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake, ndiyo maana ajali nyingi za namna hii huua zaidi ya mtu mmoja.

Hatari nyingine inahusu wakazi wapya wa mashimo. Giza, unyevu na joto lisilobadilika huyafanya mapito ya zamani yawe makao mazuri ya popo, na katika Afrika ya Kati na Mashariki popo wala matunda wa mapangoni wamethibitishwa kuwa hifadhi ya virusi vya Marburg, vinavyosababisha homa ya kutoka damu. Huko Durba, kaskazini-mashariki mwa Kongo, mlipuko wa mwaka 1998 hadi 2000 uliohusishwa na mgodi wa dhahabu uliwapata watu 154, na 128 kati yao walifariki. Ulikoma baada ya mgodi kujaa maji. Mwaka 2007 wachimbaji katika mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, waliugua ugonjwa huohuo, na mwaka uliofuata mtalii aliyekuwa ameingia katika pango la popo ndani ya msitu wa Maramagambo alifariki baada ya kurudi kwao Ulaya. Popo wa Kitaka waliangamizwa, na kwa muda ilionekana kana kwamba tatizo limekwisha. Miaka michache baadaye kundi dogo lilirudi kuishi humo, na watafiti walipowapima popo hao walikuta kiwango cha maambukizi kimefika asilimia 13, ilhali cha awali kilikuwa asilimia 5, na mwaka 2012 ugonjwa ukazuka tena katika wilaya ya Ibanda, si mbali na mgodi huo. Mgodi ulioachwa hauwi mtupu kwa sababu mwenye hati ameondoka. Hupata wenyeji wengine, wenye taratibu zao za maisha, na kuwafukuza kwa pupa huweza kuleta madhara yaliyo makubwa kuliko kuwaacha.

Ulaya imekwisha kujenga desturi nzima ya kuzuru mahali pa namna hii, na Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, ndiko desturi hiyo imekomaa. Mwanzoni mwa karne ya 19 eneo hilo lilitoa theluthi mbili za shaba ya dunia, na mashine za mvuke zilizoboreshwa huko ili kuvuta maji migodini zilichangia mapinduzi ya viwanda kwa jumla. Mwaka 2006 mandhari yake ya migodi iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wageni hutembea kwa miguu kwenye njia za pwani, wakipita majengo ya mitambo yaliyosimama ukingoni mwa bahari kule Botallack, ambako mahandaki ya kukusanyia arseniki bado yanaonekana, na Levant, ambako tarehe 20 Oktoba 1919 mtambo wa kuwapandisha wafanyakazi ulikatika na kuua watu 31. Mashimo mengi yamefunikwa, na mengine yamewekewa vyuma vinavyompitisha popo na kumzuia mtu. Lakini hata huko uzuri wa magofu umetegemea sharti moja, kwamba watu wa Cornwall walikwisha kupata riziki nyingine au walikwisha kuhama kwa maelfu kwenda kuchimba Australia, Marekani na Afrika Kusini. Bei ya bati ilipoporomoka mwaka 1985 migodi michache iliyosalia ilianza kufa, South Crofty ukafungwa mwaka 1998, na sasa, bati ikiwa inatakiwa tena katika vifaa vya elektroniki, maji yake yamekuwa yakivutwa tangu mwaka 2023 ili uchimbaji urejee. Urithi na akiba ya madini vimekaa katika shimo moja, na hakuna ajuaye ni lini kimoja kitakisukuma kingine.

Afrika Mashariki haina sharti hilo la Cornwall, kwa kuwa hapa mgodi ukifungwa na kampuni hufunguliwa na majirani. Wachimbaji wadogo hurudi kwenye mishipa iliyoachwa kwa sababu ilikuwa myembamba mno kwa mashine, wanawake hupasua mawe kwa nyundo na kuosha mchanga, makarasha, yaani mashine za kusaga mawe, hufanya kazi usiku na mchana, na marudio ya zamani, ambayo ndani yake bado mna dhahabu iliyowashinda wachenjuaji wa kwanza, hurudiwa kwa zebaki au sayanaidi. Kazi hiyo hulisha familia na hulipa ada za shule, na kazi hiyohiyo hutia sumu kwenye maji ya kijiji na huua watu kila msimu wa mvua kuta zinapolegea. Mgeni wa siku moja anayetafuta ukimya wa magofu na badala yake akakuta watu kazini hapaswi kuona kwamba ameharibiwa matembezi. Amefika mahali ambapo historia haijafungwa, na adabu inamtaka aombe ruhusa kabla ya kupita, asipige picha za watu bila idhini yao, asiokote jiwe, na zaidi ya yote asiwahukumu waliomo shimoni kabla hajajua kwa nini shimo hilo liliachwa wazi.

Hapo ndipo thamani ya matembezi haya inapopimwa, kwa sababu migodi itakayoachwa kesho inajulikana kwa majina leo. Buzwagi, wilayani Kahama, ulimaliza uzalishaji mwaka 2021, na mipango ikafanywa ya kuligeuza eneo lake kuwa la viwanda. Uchimbaji wa mchanga wa titani huko Kwale, pwani ya Kenya, ulikoma Desemba 2024, na mara moja likazuka swali la ardhi iliyokarabatiwa itakuwa mikononi mwa nani. Sheria ya Madini ya Tanzania ya mwaka 2010 na ile ya Kenya ya mwaka 2016 zinataka jambo ambalo halikutakwa Rosterman wala Kilembe, yaani kampuni iwe na mpango wa kufunga mgodi na iweke dhamana, fedha inayoshikiliwa ili kugharimia ukarabati hata kama kampuni itafilisika au itaondoka. Sheria hizo ni hatua kubwa, lakini dhamana huhesabiwa na watu wanaokisia gharama za miaka mingi ijayo, na Kilembe inaonyesha jinsi makisio hayo yanavyoweza kuwa madogo, kwa kuwa asidi haina kikomo cha mkataba na mto hausubiri mwisho wa leseni. Aliyesimama mbele ya rundo la Kasese na kando ya Nyamwamba anajua la kuuliza Kwale na Kahama: dhamana inatosha miaka mingapi, nani atapima maji na kutangaza matokeo, nani atatunza ramani za mapito ya chini, na ardhi itarudi kwa nani na kwa hati gani. Maswali hayo yanapaswa kujibiwa mgodi ukiwa bado una faida, kwa sababu pampu zikizimwa na ofisi zikihamishwa, wajibu wa kujibu humwangukia yule aliyebaki, ambaye kwa kawaida ndiye asiyekuwa na uwezo wa kulipa.